Mke wa Nuhu na Swali Lililonyamazishwa

Katika kuichambua sanaa yoyote, swali letu la kwanza ni hili: sanaa hiyo ni ya nani, na inamtumikia nani? Kwa kipimo hicho tunaitazama tamthilia ya Kikristo ya zama za kati, ile ya Gharika, iliyochezwa mjini York, Uingereza.

Michezo ya York inatajwa katika kumbukumbu za mji huo tangu 1376. Kila chama cha mafundi kilipewa sehemu yake ya Biblia, nayo ikachezwa mitaani juu ya magari ya kukokotwa. Waunda meli walionyesha ujenzi wa safina. Wavuvi na mabaharia walionyesha Gharika yenyewe. Kila kundi lilicheza kile ambacho mikono yake ilikijua. Hata hivyo tusiipambe historia. Vyama hivyo vilishikwa na wenye karakana, si vibarua wao, na baraza la mji lilisimamia yote. Baada ya 1569 michezo ikakomeshwa, ikafufuliwa 1951.

Ndani ya Gharika hiyo mna jambo zito. Maji yanapopungua, mke wa Nuhu anauliza wako wapi jamaa na marafiki waliowajua. Mumewe anamjibu kwamba wote wamezama, basi aache kelele. Hapo ndipo tunapotofautiana na tamthilia. Swali la mama yule ni swali la umma. Jibu la Nuhu ni jibu la mwenye chombo.

Tuseme basi tamthilia hii inachezwa Goziba, kisiwa cha wavuvi katika Ziwa Victoria, wilayani Muleba. Hapahitajiki jukwaa wala mavazi ya kukodi. Ndoo iwe safina, wavu uliotandazwa uwe maji, karabai iwe jua linalorudi. Wanasesere wachongwe kwa vipande vya makasia na maboya yaliyochakaa. Waliozama wawe kandambili zilizobaki mchangani, kwa maana kila kandambili ina mwenyewe. Watu wa ziwa hili wanaikumbuka MV Bukoba, iliyozama 21 Mei 1996 na mamia ya abiria, na MV Nyerere, iliyopinduka karibu na Ukara 20 Septemba 2018, ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Zaidi ya 200 walikufa.

Hapo mama akiuliza, mchezo usimame na watazamaji wajibu. Mtumbwi ni wa nani? Jaketi za kujiokolea ziko wapi? Ziwa likichafuka, nani mwenye kauli ya kusema leo hatutoki: tajiri aliyeko nchi kavu, au mvuvi anayeshika kasia?

Njia hii si ngeni kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kijijini Malya, mkoani Mwanza, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi na wanakijiji, ambao matatizo yao wenyewe ndiyo yaliyokuwa mchezo. Kinyume chake, msomi akija na sanduku la wanasesere, akawachezea wavuvi maisha yao kisha akaondoka, amewageuza kuwa watazamaji wa shida zao.

Hatuikejeli imani ya mtu. Tunachodai ni kwamba safina isisifiwe kwa wachache waliomo, huku waliobaki majini wakisahauliwa. Mke wa Nuhu aachwe aulize.