Dhana ya ‘Kutumia Vibaya’ na Uwajibikaji wa Umma: Uhakiki wa Kisemantiki katika Muktadha wa Mpanda, Mkoa wa Katavi

Kitenzi cha Kiingereza misuse kina maana pana: kutumia kitu isivyo sahihi au kwa kusudi lisilo lake. Hakibainishi iwapo mtumiaji alikosea, alizembea au alijinufaisha. Tafsiri yake iliyozoeleka, kutumia vibaya, imeurithi upana huo. Udhaifu hujitokeza pale tafsiri hiyo inapobebeshwa maana ambazo Kiswahili kina vitenzi vyake mahususi.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa ujenzi wa zahanati kijijini, mkoani Katavi. Fedha za mabati zikilipia posho za vikao, zimebadilishiwa matumizi. Saruji ikinunuliwa kupita mahitaji hata ikaganda stoo, fedha zimefujwa. Mifuko ikiishia kwenye nyumba ya kiongozi, imeibwa. Taarifa ikisema tu kwamba “fedha zimetumika vibaya”, matendo matatu yenye uzito tofauti hugeuzwa kuwa moja.

Sarufi nayo huongeza ukungu. Kauli ya kutendeka, zimetumika, haimhitaji mtenda. Tendo huonekana kama limejitokea lenyewe. Kauli ya kutenda, “kamati imefuja fedha”, humtaja mhusika. Ni kweli kwamba kabla ya ushahidi kuthibitika, kauli ya kutendeka humkinga asiye na hatia. Hata hivyo, kinga hiyo haipaswi kuendelea baada ya ukweli kujulikana.

Lugha ya sheria imekwisha kuonesha njia. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inatenganisha makosa haya: kifungu cha 28 kinahusu ubadhirifu na ufujaji, na kifungu cha 31 kinahusu matumizi mabaya ya mamlaka. Aidha, mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yalikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama, hivyo uteuzi wa kitenzi si suala la mtindo pekee.

Mpanda hukutanisha Wapimbwe, Wabende, Wakonongo, Wafipa, Wasukuma na wengineo, na Kiswahili ndicho kinachowaunganisha katika mkutano mkuu wa kijiji, panaposomwa mapato na matumizi. Mwanakijiji anayesikia “zimetumika vibaya” hawezi kujua adai maelezo, marejesho au mashtaka. Kwa hiyo, kutumia vibaya kubaki kuwa istilahi ya jumla. Panapojulikana tendo, litajwe kwa jina lake, na mtendaji wake atajwe pia.