Kizazi, Mji na Mfuko: Uhakiki wa Majina ya Via vya Uzazi vya Mwanamke

Mhakiki aghalabu hukabidhiwa kitabu chenye jina la mtungaji juu ya jalada, naye akakipima. Kazi ninayokusudia kuihakiki hapa haina mtungaji mmoja wala jalada. Ni majina ambayo Kiswahili huyatumia kuviita via vya ndani vya uzazi vya mwanamke: majina yaliyomo katika kamusi, katika vitabu vya elimu ya viumbe, katika matangazo ya afya na katika vinywa vya wakunga. Hoja yangu ni kwamba neno moja kati ya hayo, yaani kizazi, limetwikwa mzigo mkubwa kuliko liwezavyo kuuchukua, na kwamba anayelipia kosa hilo si mwanachuoni bali ni mwanamke mgonjwa.

Yafaa kwanza tuvitaje vitu vyenyewe, ndipo tuyapime majina. Katika fupanyonga, nyuma ya kibofu cha mkojo na mbele ya mwisho wa utumbo mpana, kuna kiungo chenye umbo kama la pea, ambacho katika mwanamke asiye na mimba urefu wake ni kama sentimita 7.5, upana 5 na unene 2.5. Ukuta wake ni msuli mnene, na kwa ndani umetandwa utando laini. Sehemu yake ya chini ni nyembamba, nayo hutokeza katika uke. Kutoka pande mbili za juu hutoka mirija miwili, kila mmoja wenye urefu wa kama sentimita 10, na karibu na ncha za mirija hiyo zimo ovari mbili, kila moja kadiri ya lozi. Ovari hukomaza mayai na kutengeneza homoni. Yai likitoka hupokewa na mrija, na likikutana na mbegu ya kiume, hukutana nayo humo mrijani, kisha husafiri siku kadhaa na kujipachika katika ule utando. Lisipokutana nayo, utando hubanduka na kutoka, na hiyo ndiyo hedhi. Basi hapa pana viungo vinne tofauti, yaani ovari, mirija, kile kiungo cha msuli, na uke, na kila kimoja kina kazi yake.

Sasa tulitazame neno kizazi. Shina lake ni lile la kuzaa, nalo ni ndugu wa mzazi na uzazi. Tusemapo kizazi cha leo, au vizazi vitatu, twakusudia watu wa rika au wa zama moja. Tusemapo usajili wa vizazi na vifo, twakusudia matukio ya kuzaliwa. Tusemapo fulani hana kizazi, twakusudia kwamba hapati watoto, ijapokuwa viungo vyake vyote vimo mahali pake. Kisha daktari asemapo kwamba kizazi kimevimba, akusudia kile kiungo cha msuli. Hizi ni maana nne: watu, tukio, uwezo na kiungo. Kwamba neno lina maana nyingi si aibu kwa lugha yoyote. Aibu huanza pale ambapo maana mbili hukutana katika sentensi moja, na msikilizaji hana njia ya kujua ipi imekusudiwa.

Mfano ulio wazi ni kufunga kizazi. Katika upasuaji huo, kiungo kile hakiguswi. Kinachofungwa au kukatwa ni mirija, na mwanamke huendelea kupata hedhi yake kama kawaida. Zaidi ya hayo, mwanamume naye husemwa kuwa amefunga kizazi, iwapo mirija yake ya kupitishia mbegu imekatwa. Na mwanamume hana kiungo hicho kabisa. Kwa hiyo hapana shaka kwamba katika kauli hii kizazi ni uwezo. Lakini katika kutoa kizazi, kauli iliyo pacha wa ile kwa muundo wake, kizazi ni kiungo. Mwanamke aambiwaye leo kwamba atafungwa kizazi, na mwenzake aambiwaye kwamba atatolewa kizazi, wamesikia nomino moja na vitenzi viwili; haielekei kwamba watatambua kuwa yatajwayo ni mambo mawili yasiyofanana.

Kutoa kizazi nako kuna utata wake. Ikiwa kile kiungo cha msuli peke yake ndicho kilichoondolewa, hedhi hukoma, lakini ovari zimebaki na zaendelea kutengeneza homoni. Ikiwa ovari zote mbili zimeondolewa pamoja nacho, mwanamke ambaye hajafikia ukomo wa hedhi huingia katika hali hiyo mara moja, pamoja na joto la ghafla mwilini na hatari ya mifupa kudhoofika. Tofauti hii ni kubwa, na neno lililozoeleka halina nafasi ya kuionyesha. Mtu atiaye sahihi chini ya maneno hayo amekubali jambo ambalo lugha haikumweleza.

Mfano wa tatu wahusu umma mzima. Saratani ya mlango wa kizazi ni miongoni mwa saratani zinazowaua wanawake wengi zaidi katika Afrika ya Mashariki. Aghalabu husababishwa na virusi, na chanjo ipo. Tanzania ilianza kuitoa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14, na Kenya ikafuata mwaka 2019 kwa wasichana wa miaka 10. Pamoja na chanjo ulienda uvumi kwamba yaharibu uwezo wa kuzaa. Sidai kwamba uvumi huo ulizaliwa na neno. Umesikika hata katika nchi zisizojua Kiswahili. Nasema tu kwamba kwetu uliandaliwa makao. Mzazi ajuaye kwamba kufunga kizazi ni kuondoa uwezo wa kuzaa, akiletewa sindano ya kizazi kwa ajili ya binti yake, halaumiki kwa kushtuka. Tena wako wafupishao wakasema saratani ya kizazi, wakauacha mlango, na hapo hata ugonjwa wenyewe haujulikani ni upi, kwa kuwa saratani ya utando wa ndani ni ugonjwa mwingine, wenye dalili zake na uchunguzi wake.

Je, mahali pa kizazi tuweke nini? Wengi husema mfuko wa uzazi. Jina hili lina wema mmoja, kwamba lataja kiungo wala si uwezo. Lakini mfuko ni kitu kilegevu, kisichotenda neno, ambacho hutiwa na kutolewa. Kiungo tukisemacho ni msuli ambao hujikaza na kumsukuma mtoto nje, na kabla ya mimba uwazi wake wa ndani ni mwembamba mno, kuta zake zikikaribia kugusana. Anayefikiri mfuko hawezi kuelewa kwa urahisi uchungu watoka wapi. Nyumba ya uzazi ni bora kidogo, ila nayo yakosa uhai.

Lipo neno la zamani, nalo ni mji, au kwa ukamilifu wake mji wa mimba. Mvaaji wa kanga anajua kwamba kanga ina pindo, na ndani ya pindo kuna mji. Basi mji si majumba na barabara tu. Ni sehemu ya kati iliyozungukwa na kulindwa. Neno hili ni la lugha yenyewe, halikutafsiriwa, wala haligongani na uwezo wa kuzaa: hakuna asemaye kwamba mwanamume amefunga mji. Mtu aweza kupinga kwamba binti asiye na mimba hawezi kuwa na mji wa mimba. Jibu ni kwamba kibofu cha mkojo hubaki na jina lake hata kikiwa kitupu.

Kuhusu sehemu ya chini, tuna majina mawili yanayoshindana, shingo na mlango. Shingo ni tafsiri ya neno la Kilatini, nayo yaeleza umbo. Mlango waeleza kazi: sehemu hii hubaki imefungwa muda wa mimba, na wakati wa kuzaa hufunguka hadi kadiri ya sentimita 10. Wakunga wetu husema njia imefunguka, wala hawasemi shingo imefunguka. Katika shindano hili nauunga mkono mlango. Tena tusidhani kwamba majina ya Kizungu yana hekima kuliko yetu. Jina la Kilatini la uke maana yake ni ala ya upanga, yaani kiungo kimetajwa kwa kile kiingiacho ndani yake. Kiswahili kimekiita kwa hali ya mwenyewe, kikakipatanisha na uume. Hapo lugha yetu imefanya haki zaidi.

Kuna wasemao kwamba majina yakisha kuenea hayabadiliki. Historia ya elimu hii yawakanusha. Kwa karne nyingi wataalamu wa Ulaya waliziita ovari korodani za mwanamke. Mwaka 1667 Niels Stensen alidai kwamba ni makao ya mayai, mwaka 1672 Regnier de Graaf akazichunguza kwa kina, na mwaka 1827 Karl Ernst von Baer akaliona yai lenyewe la mamalia. Jina lilibadilika kwa sababu ujuzi ulibadilika. Ndiyo maana sioni ubaya wa kulipokea neno ovari, kwa kuwa halina mshindani wa kweli kwetu. Ila mirija ya falopia, iliyopewa jina la Gabriele Falloppio aliyeieleza mwaka 1561, yaweza kuitwa mirija ya mayai, na mwanafunzi akajua kazi yake kabla ya kufundishwa.

Kwa hiyo natoa mapendekezo matatu. Kwanza, kamusi zitenge maana nne za kizazi kwa nambari na mifano, na chini ya maana ya kiungo zimwelekeze msomaji kwenye mji wa mimba. Pili, hati za hospitali ziseme kufunga mirija, na kutoa mji wa mimba, pamoja na kutaja waziwazi ikiwa ovari zabaki au zaondolewa. Tatu, matangazo ya chanjo yataje mlango wa mji wa mimba japo mara moja kabla ya kutumia kauli iliyozoeleka. Najua kwamba majina haya ni marefu, na urefu una gharama katika karatasi na katika ulimi. Lakini maneno mawili ya ziada katika hati ni mzigo mwepesi kwa mwandishi, kuliko mashaka yale ambayo mwanamke huyachukua hadi nyumbani, asijue ni kipi alichotolewa.