Ahadi ni Deni: Sarafu na Joho katika Tughlaq ya Girish Karnad

Tamthilia ya Tughlaq, iliyotungwa na Girish Karnad kwa Kikannada mwaka 1964, inamsawiri Muhammad bin Tughluq, Sultani wa Delhi kati ya 1325 na 1351. Ndiye aliyempa Ibn Battuta ukadhi, miaka michache baada ya msafiri huyo kuzuru Mombasa na Kilwa mwaka 1331. Alirithi dola kubwa. Kabla hajafa, Dekani ilikuwa imejitenga (1347).

Ni kawaida kumsoma mhusika huyu kama mwotaji aliyezaliwa kabla ya wakati wake. Usomaji huo una ukweli, lakini unamwondolea lawama kwa wepesi mno.

Katika onyesho la sita, Sultani anawatangazia maamiri kuwa sarafu ya shaba itakuwa na thamani sawa na dinari ya fedha. Shaba haina thamani hiyo yenyewe. Huipata kwa raia kuliamini neno la mtawala. Wahenga walisema ahadi ni deni, na sarafu hii ni ahadi tupu. Hata hivyo, neno hilo limekwisha kuchakaa. Kabla ya hapo, Sheikh Imam-ud-din ametumwa vitani akiamini kwamba yeye ni mjumbe wa amani. Kumbe amevishwa joho la kifalme ili auawe badala ya Sultani anayefanana naye.

Joho hilo ndilo ufunguo wa kinaya cha tamthilia. Aziz, dobi anayejigeuza Brahmani ili apate fidia, baadaye anamwua Ghiyas-ud-din wa ukoo wa Makhalifa wa Abbasi na kuvaa mavazi yake. Anachofanya ni kurudia somo la Ikulu. Ndiyo sababu Sultani, akiisha kumtambua, hamwadhibu bali anampa cheo Dekani: kumhukumu Aziz kungekuwa kujihukumu mwenyewe.

Wanaolipa deni hilo ni wengine. Katika safari ya kuhamia Daulatabad, mama mwenye mtoto mahututi anaomba ruhusa ya kumwona tabibu, naye Aziz anamdai fedha. Karnad anampa mama huyu nafasi finyu mno jukwaani, na hapo pana upungufu. Hata hivyo, onyesho hilo fupi linatosha kubainisha kuwa dola haikuporomoshwa na ukubwa wa ndoto za mtawala, bali na udogo wa thamani aliyowapa watu aliodai kuwaotea.