Doa la Utosini

Mfugaji anayenunua vifaranga wa kuku wa mayai, wale wa rangi ya kahawia, huagiza majike na huletewa majike. Huko walikototoleshwa si lazima mtu awapekue mmoja mmoja sehemu za siri, kwa ile mbinu ngumu waliyoibuni Wajapani miaka ya 1920. Huangaliwa rangi ya manyoya tu: wa kahawia ni jike, mweupe au wa manjano hafifu ni dume. Rangi hiyo imepangwa kabla yai halijatagwa, kwa kuchagua baba wa aina moja na mama wa aina nyingine. Mtu mwenye mabanda mawili uani anaweza kuipanga pia.

Kwa binadamu, baba ndiye anayeamua jinsia ya mtoto. Kwa kuku ni mama. Jogoo ana kromosomu mbili za Z. Tetea ana Z moja na W moja. Akitoa W, kifaranga anakuwa jike; akitoa Z, anakuwa dume. Kwa hiyo chochote kilichokaa kwenye Z ya tetea hakimfikii binti yake kamwe. Kinakwenda kwa wanawe wa kiume, na binti huchukua Z ya baba.

Sasa mchukue tetea wa Plymouth Rock, yule mwenye michirizi myeusi na myeupe mwili mzima. Jeni ya michirizi hiyo iko kwenye Z, na ikikutana na jeni isiyo na michirizi, yenyewe ndiyo inayoonekana. Mpandishe kwa jogoo asiye na michirizi: Rhode Island Red mwekundu, au Black Australorp, ambaye Tanzania tumezoea kumwita kuku wa Malawi ingawa asili yake ni Australia. Vifaranga wote watatoka weusi. Madume, waliorithi michirizi ya mama, watakuwa na doa jeupe utosini. Majike hawatakuwa nalo. Usidanganywe na weupe wa tumboni na kwenye ncha za mabawa, huo wanao wote. Tazama utosi, tena siku ile ile ya kutotolewa, manyoya yakishakauka.

Aliyeona mapema faida ya jambo hili ni Reginald Punnett, mtaalamu wa urithi wa Chuo Kikuu cha Cambridge. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Uingereza ilibanwa kwa chakula, naye akapendekeza rangi za vifaranga zitumike ili madume wa koo za mayai wasiendelee kula nafaka. Baadaye, pamoja na Michael Pease, alipiga hatua ambayo mimi naona ni ya kijanja zaidi. Tetea hawezi kuwa na jeni ya michirizi zaidi ya moja, kwa kuwa Z yake ni moja. Jogoo anaweza kuwa nazo mbili, na dozi mbili humfifisha rangi kuliko moja. Wakachanganya Plymouth Rock na Campine wa dhahabu, wakapata Cambar, aina ambayo vifaranga wake hujitambulisha kizazi baada ya kizazi: dume amefifia, jike amekolea. Legbar alifuata kwa njia hiyo hiyo, safari hii kwa damu ya Leghorn wa kahawia.

Huku kwetu hesabu hii huharibika kwa sababu ya bei. Jogoo mmoja anatosha matetea wanane hadi kumi, kwa hiyo mtu hununua jogoo mmoja wa Plymouth Rock na kumwachia matetea wake wa kienyeji. Hata miradi ya kuboresha kuku wa vijijini imependa kugawa majogoo, kwa sababu hiyo hiyo. Chotara wanapatikana, wakubwa kuliko mama zao, lakini jogoo huyo ana michirizi kwenye Z zote mbili, na kila kifaranga, awe dume awe jike, hupata moja. Wote wana doa. Ukitaka doa liseme kitu, michirizi lazima iwe kwa mama.

Jogoo mweupe naye ni wa kuogopwa. Leghorn mweupe mara nyingi amebeba jeni ya michirizi chini ya weupe wake, wala huwezi kuiona. Halafu kuna jogoo wa zamani: tetea huhifadhi mbegu zake mwilini kwa wiki mbili na zaidi, hivyo ukimwondoa leo, mayai ya kesho bado ni yake. Subiri wiki tatu ndipo uanze kukusanya ya kutotolesha.

Kosa la mwisho ni kumpenda chotara kupita kiasi. Jogoo chotara ana michirizi kwenye Z moja tu. Ukimpandisha kwa dada zake, nusu ya madume na nusu ya majike watatoka na michirizi, na doa halitakuambia lolote. Ile nguvu ya uchotara iliyowafanya wakue haraka nayo hupungua kwa takriban nusu. Kwa hiyo Plymouth Rock safi lazima wafugwe kando na jogoo wao, na yule mwekundu au mweusi naye na matetea wake, ili wazazi wa mwakani wapatikane. Ongeza matetea wa kienyeji wa kuatamia, maana aina hizi za kisasa nyingi zimechujwa hamu ya kulalia mayai.

Ni kuku wengi kuwalisha kwa ajili ya doa moja. Anayeuza vifaranga wa siku moja atarudishiwa gharama, kwa sababu mteja wa mayai hulipa zaidi akihakikishiwa majike. Mwenye matetea watano wa nyumbani sioni kwa nini ajisumbue. Dume akishaanza kuwika ataliwa Idi au Krismasi.