Saa 14 za Dereva Kuruta

Saa 12 asubuhi, Memphis, Tennessee. Dereva mwenye wiki mbili tu za kuendesha peke yake anabonyeza kioo cha kifaa kilichofungwa karibu na usukani, na hali yake inabadilika kutoka mapumziko kuwa kazini. Kuanzia dakika hiyo anazo saa 14, na ndani ya hizo anaruhusiwa kuendesha saa 11. Akikaa bure zinahesabika. Akipanga foleni ya choo zinahesabika. Saa 2 usiku lori liwe limeegeshwa, na asiliendeshe tena mpaka amepumzika saa 10 mfululizo.

Nimeanzia hapo makusudi. Anayetaka kujua jinsi makampuni makubwa ya malori ya Marekani yanavyomchukua mtu ambaye hajawahi kugusa trela na kumkabidhi tani 36 ndani ya miezi michache, kwanza huliangalia gari: urefu wake, vioo vyake, mlio wake. Lakini gari hujifunzwa. Kinachomtoa jasho kuruta ni saa, na saa ndiyo somo ambalo kampuni humwachia akalisome barabarani, kwa gharama yake.

Kwetu, njia ya kuufikia usukani wa semi ilipita kwenye utingo. Ulifunga turubai, ukatia kabari chini ya tairi, ukalala juu ya mzigo, ukaelekeza rivasi kwa kupiga kofi bodi la trela, miaka ikapita, kisha siku moja kwenye mbuga isiyo na trafiki suka akakuachia usukani. Lori la kampuni kubwa ya Marekani halina utingo. Kiti cha abiria ni kitupu, na ile miaka lazima ikamuliwe iwe wiki.

Hukamuliwa hivi. Unafanya mtihani wa maandishi, unapata kibali cha mwanafunzi, na sheria inakutaka ukae nacho siku 14 kabla ya mtihani wa vitendo. Tangu tarehe 7 Februari 2022 ni lazima pia upite kwa mkufunzi aliyesajiliwa serikalini. Sheria hiyo inaorodhesha kila kitu kinachopaswa kufundishwa, lakini haikuweka idadi ya chini ya saa za kufundishwa. Mkufunzi akiridhika, umeiva. Shule nyingi humaliza kwa wiki 4 hivi. Weka na cheti cha daktari, kisichozidi miaka 2, na jina lako lisionekane na doa katika daftari la taifa la vipimo vya dawa za kulevya na pombe, lililoanza kazi Januari 2020.

Mtihani wenyewe una sehemu tatu: kukagua gari, kulichezesha uwanjani, na barabara. Wanaoanguka kwenye rivasi ni wengi na kila mtu anajua kwa nini: usukani ukienda kushoto, mkia wa trela unakwenda kulia, na ubongo wa mtu aliyezoea gari dogo hukataa kuamini. Hilo ni suala la mazoezi. Mimi huona sehemu ya breki ndiyo inayoonyesha vizuri zaidi elimu hii ilivyo.

Breki za upepo zina mantiki iliyogeuzwa. Katika breki za kuegeshea, upepo haukamati tairi, unaiachia. Kinachokamata ni springi nene ndani ya kikopo, na upepo ndio unaoisukuma ikae kando. Bomba likipasuka, upepo ukatoroka, springi inarudi mahali pake na gari linajifunga lenyewe. Kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kuujaribu upepo. Injini imezimwa, breki za kuegeshea zimeachiwa, anakanyaga pedali dakika nzima: kwa kichwa na trela, mshale wa geji usishuke zaidi ya paundi 4 za shinikizo. Kisha anakanyaga na kuachia, anakanyaga na kuachia, mpaka taa na king'ora cha onyo viamke, navyo visichelewe kupita kama paundi 60. Anaendelea kukanyaga, na mahali fulani kati ya paundi 45 na 20 vifundo viwili vya dashibodi, chekundu na cha njano, viruke nje vyenyewe.

Lazima ayaseme haya kwa sauti, kwa mpangilio, akiwa anatenda. Akiruka hatua moja, mtihani wa siku hiyo umekwisha. Basi wanafunzi huyakariri kama watoto wa madrasa, wakiwa kitandani hotelini, wakiwa bafuni. Wengi hufaulu bila kujua kwa nini 45 wala kwa nini 20. Silaumu: kukariri kunalifanya gari lipite salama kwenye ukaguzi. Ila tabia hiyo ya kujua namba bila sababu yake huhamia kwenye jambo lisilokaririka.

Ukishapata leseni, kampuni inakuweka na mkufunzi wa barabarani kwa wiki kadhaa, wawili ndani ya kichwa kimoja, kitanda juu na kitanda chini. Katika baadhi ya makampuni hatua hii ina siri ya hesabu. Siku za mwanzo mkufunzi hukaa kando yako. Baadaye hulala wewe ukiendesha, nawe hulala yeye akiendesha. Lori ambalo kwa dereva mmoja hutembea saa 11 kwa siku sasa linaweza kukaribia saa 22. Mzigo unafika haraka, mkufunzi analipwa kwa maili zote zilizotembezwa, na mwanafunzi analipwa ujira wa mwanafunzi. Ni mafunzo, ndiyo. Lakini ni mafunzo ambayo mwalimu yuko nyuma ya pazia akikoroma pale hasa mwanafunzi anapoingia Oklahoma usiku, mvua ikinyesha.

Turudi Memphis. Mzigo ni wa kwenda Dallas, maili 450 hivi, yaani kama kilomita 720. Kuruta wetu amelikagua gari, na saa 1 asubuhi ameingia kwenye ghala la kupakia. Anapewa namba ya mlango, anarudi rivasi, anasubiri. Mzigo unakamilika saa 5.

Anatoka kupima. Kikomo cha jumla barabara kuu za Marekani ni paundi 80,000, tani 36 na ushei. Dereva aliyezoea tani 56 za sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki atacheka, lakini hizo 56 hubebwa na ekseli saba, na hapa ziko tano. Tatizo si jumla. Tuseme karatasi ya mizani inasoma hivi: mbele 11,800, ekseli mbili za kuvuta 35,200, ekseli mbili za trela 31,400. Jumla 78,400, haina neno. Ila kila jozi ya ekseli mwisho wake ni 34,000, na jozi ya kuvuta imezidi paundi 1,200.

Ghalani hawatapakua kwa ajili hiyo. Dawa iko chini ya trela: ekseli za nyuma zimefungwa kwenye fremu inayoteleza, ikishikwa na pini zinazoingia kwenye matundu. Anataka uzito utoke kwenye kichwa uende nyuma, kwa hiyo tairi za trela zisogee mbele, chini ya mzigo. Anavuta mkono wa pini, anafunga breki za trela, anaachia za kichwa, anarudi rivasi taratibu. Tairi zimesimama, bodi ndilo linalosogea juu yake. Kama kila tundu linahamisha paundi 400, matundu matatu yanamfikisha kwenye 34,000 kamili, na mwenye akili anaongeza la nne. Bei yake ni mkia: sasa bodi limechomoza zaidi nyuma ya tairi, na akikata kona mkia unafagia kuliko alivyozoea. Anapima tena. Saa inasoma 5 na dakika 45.

Sasa piga hesabu. Malori ya makampuni haya yamefungwa mwendo, na kwa wastani wa maili 56 kwa saa Dallas ni saa 8. Atafika saa 2 kasorobo usiku. Amebakiwa na dakika 15 za mafuta, choo, chakula na foleni ya magari ya Little Rock. Hazitoshi. Ina maana alale njiani, na kupata maegesho ya malori jioni ni kugombea, kwani wenzake wote saa zao zinaisha wakati mmoja. Mwaka 2009 dereva Jason Rivenburg, aliyekosa pa kuegesha, aliuawa na jambazi kwenye kituo cha mafuta kilichotelekezwa South Carolina. Mwaka 2012 Bunge la Marekani likapitisha kifungu kuhusu maegesho ya malori kinachojulikana kwa jina lake.

Na malipo? Wengi wa hawa hulipwa kwa maili. Tuchukulie senti 50: safari hii ni dola 225. Zigawe kwa saa 14 na unapata dola 16 kwa saa. Kama ghala lingempakia kwa saa moja, zilezile 225 zingepatikana kwa saa 11, yaani dola 20. Tofauti hiyo haimuumi mwenye ghala na haiumi sana kampuni. Inamuuma aliyekaa kwenye kiti. Malipo ya saa za ziada chini ya sheria ya kazi ya 1938 hayawahusu madereva wa safari za jimbo hadi jimbo.

Dereva mkongwe angefanya jambo moja saa 1 asubuhi. Baada ya kutia mkia mlangoni angebadilisha hali kwenye kifaa kuwa kitandani, akapanda nyuma akalala. Tangu Septemba 2020 sheria inaruhusu kuyakata mapumziko vipande viwili: kimoja kisichopungua saa 7 kitandani, kingine kisichopungua saa 2, jumla zifike 10. Vikikamilika vyote viwili, hakuna kinachohesabika ndani ya zile 14. Zile saa 4 za ghalani zinatoka kwenye hesabu, na mwisho wa siku unahama kutoka saa 2 usiku hadi saa 6 usiku. Dallas inafikika, na kula anakula.

Kuna deni lakini. Akiamka baada ya saa 7 tu, hesabu yake inaanzia pale alipotoka ghalani, na kwa kuwa ameshaendesha saa 8, amebaki na 3. Hapa ndipo wageni hunaswa: wanaiona njia ya mkato, hawaoni inakotokea. Zamani makosa ya namna hii yalifutwa kwa kalamu, na madereva wenyewe waliliita daftari lao kitabu cha vibonzo. Tangu Desemba 2017 kifaa cha elektroniki kimeunganishwa na injini, na injini haina utani.

Kwa nini kampuni haikai na kuruta wiki nzima kumfundisha hili? Jibu liko 1980, Rais Jimmy Carter alipotia saini sheria iliyofungua soko la uchukuzi wa barabarani. Nauli zikashuka, vyama vya wafanyakazi vikadhoofika, na makampuni yakajifunza kuishi na madereva wanaopita. Mwanasosholojia Steve Viscelli, aliyejiunga na kampuni kubwa kama kuruta ili aandike utafiti wake, alilieleza hili kwa kirefu katika The Big Rig ya 2016. Kwa miaka mingi, idadi ya madereva walioondoka katika makampuni makubwa ndani ya mwaka imekaribia au kupita asilimia 90 ya viti vyote. Ada ya shule mara nyingi hugeuzwa deni linalofutika ukikaa mwaka. Mwaka huo ndio utingo wao.

Wakongo, Wakenya na Watanzania wengi waliohamia huko wameingia kwa mlango huu, na tangu Juni 2025 umewekwa kizingiti kingine: mkaguzi wa barabarani akiona dereva hawezi kuzungumza Kiingereza au kusoma alama, anaweza kumsimamisha palepale.

Anayevumilia miezi 12 hujua ni maghala gani hupakia haraka na ni wapi hulali. Kampuni ndogo zinazotaka uzoefu wa mwaka mmoja sasa zinamjibu simu. Anarudisha lori makao makuu, anatoa godoro lake, shuka na jiko dogo la umeme, anakabidhi ufunguo. Vijana wa uani wanafagia ndani, wanapuliza manukato, na Jumatatu namba ileile ya lori inasomwa mbele ya darasa jipya.