CPU-Z inasoma mfuko, haisomi mbegu
Wandugu, wengi tunafungua CPU-Z, tunaona «Kingston», tunasema: tumeshajua. Bado! Kingston haitengenezi chipu. Inanunua kwa Samsung, SK Hynix ao Micron. CPU-Z ni nzuri na ya bure, hata iko na mstari wa mtengenezaji wa chipu. Ila inasoma tu SPD, njo maandishi ambayo muunga barete aliweka mwenyewe. Sisi wa agronomi tunajua: jina la mfuko si mbegu.

Barete mbili za jina moja zinaweza kuwa na chipu tofauti, na mashini ikakwama katikati ya TFC yako. Mbele ya kutoa makuta, soma chipu yenyewe. Kwa DDR4: K4A ni Samsung, H5A ni SK Hynix, D9 ni Micron.