Soma Jibu Kwanza

Mtu akitaka kukuthibitishia kwamba fulani ni hodari wa igizo la maandishi, atakuletea aya nzuri ya fulani huyo. Iweke kando, uombe aya aliyoiandika mwenzake baada yake. Igizo hili huandikwa mtandaoni kwa zamu. Kila mwandishi ana mhusika wake, huandika anachotenda na kusema mhusika huyo, kisha humwachia mwingine, na hakuna anayejua kisa kitaishia wapi. Ndiyo maana uhodari wa mtu huonekana zaidi nje ya aya yake. Wapo waandishi wenye lugha tamu ambao kila anayewafuata huandika kinyonge, mistari miwili ya kuitikia tu. Wapo wengine wa lugha ya kawaida kabisa ambao hata mwanagenzi akicheza nao huandika kuliko anavyoandika kwingine kokote. Kwangu hao wa pili ndio mafundi.

Tuchukue mfano. Igizo liko bandarini, enzi za majahazi. Mwandishi mmoja ana Nahodha Kombo, mwingine ana Sudi, karani wa forodha. Wa Kombo anaandika hivi: Kombo alimkazia macho Sudi. Sudi akatetemeka, kalamu ikamponyoka, akamruhusu apite. Sentensi mbili tu, na Sudi amekwisha. Ameogopa, ameaibika na ameamua, vyote bila mwenye Sudi kuulizwa. Atajibu nini?

Sasa soma hii: Kombo aliiweka hati ya shehena mezani, akaifunika nusu kwa kiganja. "Maji ya chumvi yameiharibu huku chini," alisema. "Ya juu yanatosha." Hapa Sudi ana kazi ya kufanya. Anaweza kumwambia ainue mkono, anaweza kujifanya hakuona, anaweza kumwita mkubwa wake, anaweza kuutazama mkono wenyewe na kuona kidole kimefungwa kitambaa. Hofu, kama ipo, atajiamulia mwenyewe. Tazama pia kwamba Kombo ametenda jambo moja tu, tena dogo, lakini lina kificho ndani yake.

Karibu kila kundi lina kanuni ya kutomwendesha mhusika wa mwenzako, kwa hiyo kosa la wazi namna ile huonekana na mtu yeyote. Jicho lililozoea hulitafuta lilipojificha. Mwandishi akisema mhusika wake ana sauti ambayo hakuna awezaye kuikaidi, tayari amewaamulia wenzake. Akisema kila mtu ukumbini aligeuka alipoingia, amewageuza shingo watu ambao si wake. Ubaya wa namna hii hunisumbua kuliko ule wa wazi, kwa sababu mwenye kufanyiwa huona haya kulalamika.

Urefu nao huwadanganya wengi. Aya sita za mawazo ya moyoni, kumbukumbu za utotoni na uchungu wa mapenzi zinaweza kuwa maandishi mazuri, ila mhusika wa pili hayasikii mawazo hayo. Nikisoma mchango mrefu huwa natafuta kitu ambacho wa pili anaweza kukiona, kukisikia au kukigusa. Nisipokipata, najua anayefuata atalazimika kuanza upya.

Kipimo kigumu kuliko vyote ni namna mwandishi anavyokubali kushindwa, na hapo inafaa kukumbuka sanaa hii ilikotoka. Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa Gary Gygax na Dave Arneson uliotoka mwaka 1974, uliiachia dado kuamua nani kapigwa. Mwaka 1978 Roy Trubshaw na Richard Bartle wa Chuo Kikuu cha Essex, Uingereza, walianza MUD, ulimwengu wa maneno ndani ya kompyuta ambamo programu ndiyo iliyoamua. Kisha mwaka 1989 James Aspnes wa Carnegie Mellon, Marekani, akatengeneza TinyMUD, ambayo haikujengwa juu ya mapambano wala alama. Watu walikutana, wakazungumza na kujenga vyumba vyao wenyewe kwa maneno. Pale ambapo hakuna dado wala programu ya kuamua, upanga haumpati mtu mpaka mwenyewe aandike kwamba umempata. Anayekwepa kila pigo haonyeshi kwamba mhusika wake ni shujaa. Anawanyima wenzake uzito wa matendo yao. Fundi hulipokea jeraha, tena hulichagulia mahali: mkono wa kuandikia, kwa mfano, ili wiki mbili baadaye barua ya mhusika wake isisomeke vizuri.

Ustadi wa kupokea na kugeuza una jamaa wakongwe. Huko Japani mwaka 1488, Sōgi na wenzake Shōhaku na Sōchō walitunga kwa zamu beti 100 za utungo uitwao Minase. Kanuni ilikuwa kwamba kila ubeti ushikamane na ule uliotangulia, huku ukijitenga na ule wa kabla yake, ili utungo usizunguke mahali pamoja. Pwani yetu ina kujibizana: Muyaka bin Haji wa Mombasa alijibizana kwa mashairi na watunzi wa zama zake, na baadaye kurasa za gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, zikachapa mashairi ya wasomaji. Aliyezoea kusikiliza malumbano ya washairi humtambua upesi mjibu dhaifu, yule anayerudisha hoja ileile kwa maneno mengine. Katika igizo naye yupo. Mwenzake akiandika kwamba mvua imeanza, yeye ataandika kwamba mhusika wake aliiona mvua ikianza.

Kwa wanaoandika kwa Kiswahili kuna mambo yetu ya kuangalia. Mfuatano wa "ka" una mwendo mkali: akaingia, akaketi, akaagiza chai, akanywa, akalipa, akaondoka. Mwenzake angemsemesha saa ngapi? Mwandishi mzuri huukata mfuatano huo palepale ambapo mwingine angetaka kuingia. Tena kiambishi "a" hakimtofautishi mwanamume na mwanamke, kwa hiyo wahusika wakifika watatu "akasema" humpoteza msomaji. Fundi hutaja jina, kazi au kitu alichoshika mtu, bila kuchosha. Na salamu ni silaha kubwa ambayo wengi huiacha ikilala. Kijana akimwambia mzee "vipi" mahali pa "shikamoo" ametenda tendo zito, na mzee amepewa aya nzima ya kujibu.

Siri nazo hupima uaminifu. Mwenye Sudi amesoma kila kitu, anajua kilichofunikwa na kiganja, lakini Sudi hajui. Nampenda mwandishi anayemwacha mhusika wake akosee kwa sababu ya kutojua, hasa pale kosa hilo linapomgharimu.

Ukitaka kupima kundi zima kabla hujajiunga, tafuta aya ya kwanza ya mgeni yeyote. Aghalabu ni dhaifu: kijana mrembo asiye na wazazi, mpiganaji asiyeshindika, ameingia mkahawani na kuketi pembeni kimya. Kundi baya litampita, au litamsahihisha mbele za watu. Kundi zuri litakitafuta kile kimoja kinachofaa katika aya ile, nacho ni kuketi, na mwenye mhusika wa mkahawa ataandika kwamba mzee alikuja na kitambaa begani, akasema, "Kiti hicho kina mwenyewe." Mgeni sasa anaweza kuhama, kung'ang'ania au kuuliza ni cha nani, na aya yake ya pili itaipita ya kwanza ingawa hakuna aliyemfundisha neno.